Oili ya Usukani

Ruwi, Muscat
9 Novemba 1997

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa, na kama bado yanauma basi angalau ikukute umekaa barazani, si jikoni. Mimi mzima. Sina ninachoumwa ila mikono imechanika kwa dizeli tunayonawia jioni.

Usinune kwa kuchelewa kwangu kuandika. Mjomba Muhanna alinipokea mwenyewe kiwanja cha ndege. Alinikumbatia mbele za watu akalia, akasema, "Umeuchukua uso wa dada'ngu mzima mzima." Nimekaa kwake siku chache, kisha mkewe, Bi Nasriya, akasema nyumba ina wasichana wakubwa, si adabu kijana kulala humo. Basi nimehamia Ruwi, chumba cha juu ya duka la vyerehani, na mafundi wenzangu wawili wa Kihindi. Tunaelewana kwa Kiarabu kibovu na kwa vidole.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Gereji ya mjomba iko Wadi Kabir, chini ya majabali. Magari madogo hatuyagusi. Tunatengeneza mashine kubwa, hasa hili wanaloliita shewali, tingatinga la matairi lenye bakuli kubwa mbele. Bakuli likitolewa hufungwa kitu chengine mahala pake: nyundo ya kuvunjia mawe, keekee ya kutobolea ardhi, au fagio la duara la kufagilia barabara. Vyote hivyo havina injini yao. Vinaendeshwa na oili ya shewali lenyewe, inasukumwa na pampu kupitia mipira minene. Pampu ni moja na wanaoitaka oili ni wengi, ndiyo pakawa na valvu ya kuigawa. Mjomba kanikabidhi mimi kazi ya hizo valvu.

Alinifunza kwa mkono wake. Alikamata valvu moja, chuma kisichozidi ukubwa wa tofali, akaniwekea kidole changu kwenye matundu. "Hapa oili inaingia. Hapa inakwenda kwenye usukani. Hapa inakwenda kwenye fagio. Usukani ushibe kwanza, kinachobaki ndiyo cha fagio. Ukiyasahau yote niliyokufunza, hili usilisahau." Mama, sijapata kufunzwa na mtu anayejua kusomesha kama yeye.

Nimepata na rafiki. Anaitwa Zahor, ndiye dereva wa shewali. Wazee wake walikuwa Tabora, na Kiswahili chake ni cha huko, ananicheka nikisema "chengine." Ijumaa ananichukua kwao Matrah, mkewe Bakhita anapika bokoboko, na mimi nakula mpaka naona haya. Wana watoto watatu na mdogo kabisa ananiita ami.

Nisalimie majirani wote.

Mwanao,
Hatem


Kikwajuni, Unguja
14 Disemba 1997

Kipenzi changu Hatem,

Waalaykum salaam. Magoti usiyaulize, yapo na mimi nipo nayo. Khati yako kaisoma Bi Sayyida jirani kwa sauti, maana miwani yangu imevunjika mguu, na tulipofika pale Muhanna aliposema umechukua uso wangu tukalia sote wawili kama wendawazimu.

Hayo ya kukuhamisha nyumbani kwake yasikukae rohoni. Nasriya ana zake, lakini Muhanna ni wetu. Wewe hujui, hukuwepo. Mama alipofariki nilikuwa kigoli na yeye hata kusimama hajui. Nimemkosha, nimemlisha, nimemchukua mgongoni mpaka skuli, watoto wenzangu wakinicheka wakisema nimezaa. Alipoondoka kwenda Maskati na wenzake alinambia, "Dada, ntakuwa mtu kisha ntakuita." Hakuniita mimi, kakuita wewe, na kwangu ni sawasawa. Mfanyie kazi kama unanifanyia mimi.

Huyo Zahor na mkewe waambie nnawaombea dua. Mtu anayemlisha mtoto wako ugenini huna cha kumpa zaidi ya dua.

Usinawe dizeli. Tafuta sabuni.

Mama'ko,
Masouda


Ruwi
15 Machi 1998

Mama,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima. Mimi sijaumia. Nakwambia hilo mwanzo ili usome yaliyobaki bila ya kushikwa na moyo.

Zahor amekufa.

Wiki iliyopita ilinyesha mvua kubwa, na mvua ya huku ikinyesha hushusha mlima wote barabarani. Mjomba alipata kazi ya kusafisha njia ya kuteremkia Bustan. Iko hoteli kubwa kule na ilikuwa inasubiri wageni wazito, kwa hiyo kila saa alikuwa anapigiwa simu, mmemaliza, hamjamaliza. Tukafunga fagio kwenye shewali la zamani. Fagio likawa linazunguka polepole, linasukuma tope badala ya kulitupa.

Mjomba alikuja gereji amekasirika. "Mbona linakokota kama mgonjwa?"

Nikamwambia, "Pampu imechakaa. Usukani unachukua oili yake, fagio linapata makombo."

"Basi badili mipira. Fagio lipate kwanza."

"Na usukani, mjomba?"

"Zahor atakanyaga mafuta, pampu itatoa ya kutosha wote."

"Kwenye mteremko hatokanyaga mafuta."

Akanitazama. "Nani kamfunza mwenziwe hapa, mimi au wewe? Ni ya leo na kesho tu. Kazi ikimalizika utairudisha."

Nikachukua spana nikabadili, Mama. Sikugombana. Nilimwambia Zahor, "Usukani utakuwa mzito, usiiache injini ikashuka," naye akacheka, akasema atakwenda taratibu kama gari la bibi harusi. Sehemu ya tambarare tuliimaliza vizuri. Fagio lilikuwa linatupa mawe mpaka pembeni, na mjomba akanipiga bega kwa furaha.

Tulipoanza kushuka nilikuwa nyuma yake kwenye pikapu, nimewasha taa za tahadhari. Kuna pahala barabara inapinda kulia, na upande wa kushoto ni bonde. Zahor aliachia mafuta, kama dereva yeyote angefanya. Nikamuona amesimama ndani ya kibanda, mikono yote miwili kwenye usukani, anauvuta kwa uzito wake wote. Haukugeuka. Akakanyaga breki, matairi yakateleza juu ya tope. Shewali likaenda moja kwa moja pale njia ilipopinda, likatumbukia bondeni. Na fagio, Mama, fagio lilikuwa bado linazunguka.

Alikata roho kabla hatujafika hospitali. Nilikuwa nimemshika kichwa.

Mimi nilikwenda kumwambia Bakhita. Mjomba alisema hawezi. Bakhita alikuwa anachambua mchele, akanitazama nguo zangu, akauweka ungo chini polepole kabisa.

Mpaka sasa hajui lililotokea ila usukani ulikataa. Polisi wameichukua valvu na Jumamosi wanatuita mimi na mjomba, mmoja mmoja. Mjomba ananiambia, "Usiseme neno mpaka nizungumze na dada." Sijui anataka kuzungumza nini na wewe. Mimi nimekwisha amua, nitasema kama ilivyokuwa. Nilibadili mimi, aliyeniamuru ni yeye. Kila mtu abebe lake.

Mwombee Zahor.

Hatem


Kikwajuni
Jumatano usiku
(kwa mkono wa Loai, kijana wa mtaani kwetu, anaruka Maskati alfajiri)

Mwanangu Hatem,

Salaam alaykum. Kama umeniandikia, khati yako sijaipata; khabari ya Muhanna ndiyo iliyonifikia, kwa simu, kwa Bi Sayyida. Kanihadithia yote. Hakunificha kitu, kanambia na hilo la yeye kukwambia ubadili mipira. Kwa hivyo usidhani nnaandika haya kwa kutojua.

Alilia kwenye simu mpaka nikasahau kuwa ni mtu mzima mwenye mvi. Anasema wakijua kuwa amri ilikuwa yake watamfunga yeye, gereji itafungwa, na wale wasichana wake hakuna atakayewachumbia. Wewe ni kijana. Huna mke, huna mtoto, si mwananchi wa huko. Ukisema ulibadili kwa akili yako, kwa kutaka kazi iende mbio, watakuona kijana hukujua, watakupa miezi kisha watakutoa. Muhanna ameapa atakuwekea wakili, na atakuja kukutazama kila wiki, na ukitoka mahala pako papo.

Nnajua nnalokuomba. Usiniandikie kunieleza, nnalijua.

Sikupata kukuomba jambo hata siku moja. Ulipotaka kuacha skuli nilikuacha. Ulipotaka kwenda sikukuzuia, nikabaki mwenyewe na nyumba hii. Leo nnakuomba kwa maziwa yangu uliyonyonya. Wewe ni mwanangu na yeye ni mwanangu, na nikikupotezeni mmoja kwa mkono wa mwengine ntakuwa nimezaa na kulea kwa nini?

Huyo mjane Mungu atamtazama. Hata akijua, mumewe harudi.

Nakungojea.

Mama'ko


Jela, Muscat
2 Agosti 1998

Mama,

Salaam alaykum. Ni mzima. Chakula kipo, maji yapo.

Barua hapa zinasomwa kabla ya kutoka. Anayesoma za Kiswahili ni askari ambaye wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili anakijua kama mimi, kwa hiyo nami namsalimia. Nakwambia ili ujue kwa nini naandika kidogo.

Uliloniagiza nimelitimiza. Nimepewa miaka miwili, kisha narudishwa kwetu. Wakili sikumuona.

Bakhita alikuja. Alikaa upande wa pili wa waya, mtoto mdogo mapajani. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza neno moja tu, "Hatem, nani alikutuma? Maana nilikuwa nikikuona Zahor akikufunza kuendesha, wewe huna pupa." Nikamwambia hakunituma mtu. Akaniuliza tena. Nikamwambia nilifanya kwa akili yangu, nilitaka tumalize mapema. Kisha akasema, "Ulikuwa unakula nyumbani kwangu kila Ijumaa." Akambeba mtoto akaondoka. Mtoto alikuwa ananipungia mkono.

Nisalimie Bi Sayyida.

Hatem


Kikwajuni
20 Oktoba 1998

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Mimi sijambo, magoti na mimi tumezoeana. Kijua kikali siku hizi na visima vimepungua maji.

Muhanna alipiga simu juzi. Anasema anakuja kukuona kila Alhamisi na kukuletea matunda, na kwamba umenenepa. Nilifurahi. Basi nawe ukimuona usimkunjie uso, maana anasema unamtazama vibaya. Keshatuma mafundi wameezeka nyumba bati jipya, hata mvua ikinyesha sasa sisikii tone ndani. Chumba chako nacho kimeezekwa.

Vumilia. Miaka miwili si kitu.

Mama'ko


Jela
30 Novemba 1998

Mama,

Salaam alaykum.

Mjomba hajaja hata mara moja. Si Alhamisi, si siku nyengine. Muulize matunda gani.

Hongera kwa bati.

Hatem


Kikwajuni
8 Oktoba 2000

Mwanangu Hatem,

Assalaam alaykum, na khabari za masiku yote haya. Nnajua ni mimi niliyenyamaza. Khati yako ile ya maneno mawili niliiweka chini ya godoro, na kila nikikamata kalamu sikujua nianze wapi, siku zikawa miezi.

Sasa nasikia uko Dar. Loai amekuona mtaa wa Gerezani, pale wanapochomelea vyuma, umevaa ovaroli. Anasema alikuita ukageuka, mkaamkiana, akakuuliza umefika lini ukamwambia tangu mwezi wa tano. Hatem, tangu mwezi wa tano! Boti haichukui hata saa tatu. Nilipoambiwa nilikaa chini palepale uwanjani, Bi Sayyida akaniinua.

Umekasirika, haya. Lakini mtu humkasirikia mama'ke akiwa mbele yake, akamwambia, akasikilizwa. Nimetandika kitanda chako. Na Muhanna anakuja Idi hii na watoto wake, mara ya kwanza tangu aondoke kijana. Anasema atakupa mkono mbele ya watu wote. Njoo tuyamalize nyumbani, yasitoke nje.

Nakupenda wewe kuliko unavyodhani.

Mama'ko,
Masouda


Gerezani, Dar es Salaam
1 Novemba 2000

Mama,

Waalaykum salaam. Natumai barua hii imekukuta na afya. Mimi nafanya kazi kwa Mchaga mmoja anayetengeneza matrekta. Ni mtu mzuri. Nimemwambia kila kitu siku ya kwanza na bado akanipa spana.

Hapa hakuna anayesoma barua zangu, kwa hiyo naandika.

Sikukasirika kwa jela. Jela ningefungwa hata kwa haki, maana mkono ulioibadili mipira ulikuwa wangu, na nilijua usukani utakosa oili nikanyamaza kwa kuwa mkubwa kasema. Miaka miwili kwa Zahor si mingi. Hilo nimelikubali.

Lililonikaa ni Bakhita. Watu wengine wote wanaweza kuniona wanavyotaka. Yule aliniamini, akaja mwenyewe kunipa mlango wa kutoka, mara mbili aliuliza, na mimi nikaufunga kwa sababu ya maziwa yako. Siku ya kunitoa nilimwomba askari anipitishe Matrah dakika tano. Akanicheka. Nimeandika kwake kutoka hapa, sikujibiwa. Pengine barua haikufika. Pengine imefika na hakuamini, maana mtu aliyekwisha kusema uongo kwa macho makavu, ataaminiwa la pili?

Mjomba alikwenda msibani kwa Zahor, unajua? Alikaa na wanaume, akasema mbele yao, "Mtoto wa dada'ngu ameniponza." Nilisikia jela kwa mfungwa aliyekuwepo.

Unasema tuyamalize nyumbani. Nikija tutamalizaje? Utatandika mkeka, utaweka sinia moja, mimi huku na yeye kule, utasema bismillahi kuleni. Na mimi nitakula, Mama, kwa sababu mkono wako naujua. Nitakula na yatakuwa yamekwisha. Kwenu.

Sitaki mkono wake. Sitaki kazi wala chochote chake. Nataka jambo moja kutoka kwako. Akija, muulize mbele ya watu wa nyumbani, nani aliyesema fagio lipate oili kwanza. Muulize tu. Akikataa na akatae, akitukana na atukane. Nataka nijue kwamba umemuuliza. Niandikie umemuuliza na mimi nitapanda boti siku hiyohiyo.

Mwanao,
Hatem


Kikwajuni
9 Januari 2001

Mwanangu Hatem,

Assalaam alaykum. Nnakuandikia mwenyewe, sikumpa Bi Sayyida anisaidie, kwa hivyo nisamehe herufi.

Muhanna alikuja. Kafika siku mbili kabla ya Idi na Nasriya na wasichana wake wawili. Amekuwa mzee, Hatem. Mimi nilimngojea yule kijana aliyeondoka, akashuka kizee kinachoshikilia mlango wa gari. Wasichana wake Kiswahili wanasikia lakini wanajibu Kiarabu. Nyumba ilijaa, watu waliingia na kutoka, kila mmoja anataka kumuona mtu wa Maskati. Waliniuliza, Hatem yuko wapi? Nikawaambia ana kazi Dar.

Khati yako nilikuwa nimeifunga kwenye ncha ya kanga. Siku ya kwanza sikumuuliza kwa sababu kachoka na safari. Siku ya pili tulikwenda makaburini kwa mama, akalia, na mtu anayelia kaburini humuulizi kitu.

Siku ya Idi pili, baada ya adhuhuri, alijilaza chumbani kwangu kwenye godoro, kavua viatu, kama alivyokuwa akijilaza akirudi skuli. Nasriya alikuwepo, na wasichana, na Bi Sayyida na mumewe wamekaa mlangoni wanakunywa kahawa. Nikaona hapa ndipo. Nikasema, "Muhanna, nna neno nnataka kukuuliza."

Hakufungua macho. Akasema, "Nalijua, dada."

Nasriya akaanza kunyooshanyoosha nguo ya mtoto wake.

Akasema, "Ukiniuliza ntakujibu. Wallahi sitokudanganya. Lakini nikishajibu mbele ya hawa wanangu sitoweza kuingia tena nyumba hii, wala hutoniona mpaka unazikwa. Basi uliza."

Hatem, nilikuwa nalo ulimini. Nilikuwa nimelisema peke yangu jikoni mara ngapi, nani aliyesema fagio lipate oili kwanza, mpaka nimelihifadhi kama sura ya Kurani. Nikamtazama miguu yake. Kisigino kimoja kina kovu, alikanyaga chupa Kikwajuni hapahapa, nikambeba mpaka hospitali nikiwa mtoto mwenyewe.

Nikasema, "Nilitaka kukuuliza kama utakula sasa au baadaye."

Nikaenda jikoni kutazama wali.

Bi Sayyida kanifuata, kasimama nyuma yangu. Tangu siku ile hajapata kuja kunywa kahawa kwangu.

Muhanna kaondoka juzi. Alinikumbatia akanambia, "Umenistiri, dada." Nilitaka kumwambia sikukustiri wewe, lakini nimemstiri nani basi? Kanipa kifurushi cha ubani na udi, kipo juu ya kabati, sijakifungua na sijakitupa.

Ulisema nikimuuliza ndiyo utakuja. Sikumuuliza. Nimekaa siku tatu nnatafuta namna ya kukuandikia kama kwamba nimemuuliza, maana ungeamini, uko mbali ungejuaje. Nikaona na mimi nisikusababishie uongo mwengine.

Basi sikuiti. Sina mdomo wa kukuita. Magoti yangu hayanisumbui sana, usije ukadanganywa na mtu kuwa naumwa. Kula vizuri, na huyo Mchaga mwambie nnamshukuru.

Boti za kuja huku zinaondoka asubuhi na mchana. Sikwambii uje. Nakwambia tu zinaondoka lini.

Mama'ko,
Masouda